Somo: Kumshona Upya Mwanasesere wa Utotoni

Wanakikundi wenzangu wa ushonaji hapa Ujiji wameniomba mara kadhaa niwaeleze jinsi nilivyomrudisha Mwamini, mwanasesere niliyeshonewa na marehemu bibi yangu kabla sijaanza shule, na ambaye alipotea tulipohama nyumba. Anayetaka mwanasesere mzuri aende sokoni Mwanga akanunue wa plastiki. Somo hili linamhusu anayemtaka yule yule aliyempoteza.

Hatua ya kwanza: Kukumbuka

Kabla ya kugusa mkasi, keti na mtu aliyekuwepo wakati huo, umsimulie jinsi unavyomkumbuka mwanasesere wako, kisha umwache akukosoe. Mimi nilikuwa nimeshanunua kitambaa chekundu cha gauni. Dada yangu alipokiona alicheka, akanieleza kwamba gauni la Mwamini lilikuwa la kitenge cha rangi ya udongo, kipande alichotupa fundi cherehani wa baraza ya jirani, na kwamba wekundu ninaoukumbuka lilikuwa doa la mawese yaliyotumwagikia siku tuliyokuwa tukijipikilisha uani. Nililia kidogo, kwa maana papo hapo harufu ya mawese yale ilinirudia, pamoja na kofi nililopigwa.

Hatua ya pili: Kupima

Hapa ndipo wengi watakapokosea kama nilivyokosea mimi. Nilikuwa na hakika kwamba urefu wa Mwamini ulikuwa shubiri mbili, kwa kuwa nilimpima kila alipougua, nikitaka kujua kama amekonda. Nikapima shubiri mbili, nikashona, na aliyetoka alikuwa mama mtu mzima asiyebebeka mgongoni kwa mtoto. Shubiri niliyoikumbuka ilikuwa ya mkono wa mtoto wa miaka sita. Nikamwita mjukuu wangu wa umri huo, akatandaza kiganja chake juu ya meza: shubiri yake ilikuwa sentimita 14, na yangu ni sentimita 20. Kwa hiyo Mwamini alikuwa na sentimita 28, wala si 40. Azima mkono wa mtoto wa umri uliokuwa nao, na upime kwa huo.

Hatua ya tatu: Kiwiliwili

Bibi alitumia amerikani, kitambaa cheupe kisichotiwa rangi, ambacho katika karne ya 19 kilifika Ujiji kwa misafara iliyotoka pwani, na jina lake linatokana na Marekani kilikofumwa. Kata vipande viwili vinavyolingana, ukiongeza sentimita moja kila upande kwa ajili ya mshono. Vipige bandi, yaani mshono wa muda wa kuvishikiza, kisha vishone kwa mkono, sindano ikirudi nyuma nusu hatua kila mara ili mshono usifumuke mtoto atakapomvuta mkono. Acha nafasi ya vidole vitatu ubavuni, geuza, na ujaze sufi, yaani pamba ya mti wa msufi, kidogo kidogo ukianzia miguuni. Funga pua na mdomo kwa kitambaa, kwa sababu sufi hupeperuka. Shingo ijazwe kwa nguvu kuliko sehemu nyingine zote, la sivyo kichwa kitaanguka kifuani.

Hatua ya nne: Uso na nywele

Tarizi macho kwa uzi mweusi. Nywele ni uzi wa sufu, usukwe twende kilioni, maana bibi hakuwa na muda wa mitindo mingine.

Maswali ya wanakikundi

Swali: Shikamoo mama. Huku kwetu Kibirizi sijapata sufi. Je, ninaweza kutumia mabaki ya vitambaa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Unaweza, lakini yakate yawe madogo kama ukucha, vinginevyo mwili utakuwa na mabonge. Atakuwa mzito zaidi pia, jambo ambalo wengine hulipenda kwa sababu akibebwa kwa mbeleko huhisiwa kama mtoto kweli.

Swali: Je, anaweza kufuliwa?

Jibu: Mfute kwa kitambaa chenye unyevu tu. Sufi yenyewe haipendi maji, ndiyo maana iliwahi kujazwa katika maboya ya kujiokolea, lakini ukimkamua itajikusanya upande mmoja na hutaweza kuitandaza tena.

Swali: Wangu alikuwa na macho ya vifungo. Je, nivirudishe?

Jibu: Ikiwa atakaa kabatini, virudishe. Ikiwa atachezewa na mtoto mdogo, tarizi, kwa sababu kifungo kikilegea huishia mdomoni.

Swali: Samahani mama, na lile doa la mawese uliliacha?

Jibu: Dada yangu alinikataza, akisema mafuta yatawaita sisimizi. Nilisubiri aende sokoni, nikachovya ncha ya kidole, nikaligusa gauni mara moja, upande wa kushoto, chini kidogo ya kiuno.