Kwenda Khajuraho kwa hela ya korosho

Mimi ni mchonga mpingo wa Newala, na mikorosho michache ninayo. Nauli yangu ya India ilitoka mnadani, kwa hiyo nilisafiri Februari, malipo yakiwa yameshaingia, kwenda kuona mahekalu ya mawe ya Khajuraho. Nawe panga hivyo. Januari usiku jimbo la Madhya Pradesh, ilipo Khajuraho, lina baridi kali, Mei jua linachoma, na Julai hadi Septemba hifadhi za wanyama hufungwa kwa sababu ya mvua.

Chanja homa ya manjano mapema. Cheti huanza kutambulika baada ya siku 10. Viza huombwa mtandaoni. Shuka Mtwara, nenda Dar, kisha Delhi, halafu Khajuraho.

Hapo usikimbie. Tenga siku mbili nzima. Mahekalu yalijengwa na wafalme wa ukoo wa Chandela, mengi kati ya mwaka 950 na 1050, na yamebaki 20 na kitu. Ingia alfajiri, maana karibu yote yanatazama mashariki na jua la kwanza huziamsha sura za mawe. Kandariya Mahadeva, lenye kimo cha mita 31 hivi, lilinisimamisha saa nzima: mawe yameshikana kwa ndimi na matundu, bila chokaa. Nilimkumbuka babu na patasi yake. Hekalu la Matangeshwar bado lina ibada. Vua viatu, nyamaza.

Hifadhi ya Panna iko jirani. Chui milia waliisha humo, wakaanza kurudishwa 2009. Lipia nafasi ya gari la kutazamia wanyama kabla hujatoka nyumbani, kwa pasipoti ileile utakayobeba, getini wanaikagua. Jumatano mchana hakuna mizunguko.