Kukagua Kuta za Nyumba ya Zamani Kabla ya Kuinunua

Anayenunua nyumba iliyojengwa kabla ya uhuru wa Uganda wa 1962, iwe Jinja, Entebbe au Mbale, asitarajie kukuta ndani ya kuta zake sufu ya kioo au povu la kuzuia joto kama ilivyo katika nchi za baridi. Kinga ya nyumba hizo ni unene wa ukuta, ukavu wake na kivuli cha paa. Katika hayo matatu, ukavu ndio wa kuchunguzwa kwanza, kwa sababu tofali lililolowa hupitisha joto kwa wepesi kuliko tofali kavu, na ukuta mnene wenye unyevu hupoteza sehemu kubwa ya faida ya unene wake.

Panga kuitazama nyumba wakati wa mvua, kati ya Machi na Mei au kati ya Septemba na Novemba. Muuzaji anayekuharakisha mmalizane kabla mvua hazijaanza huenda ana sababu zake. Anzia chini. Unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa kawaida hauvuki mita moja hivi juu ya sakafu, na dalili zake ni rangi inayobambuka na chumvi nyeupe inayobaki kidoleni kama unga ukiipangusa. Mara nyingi chanzo ni kukosekana kwa tabaka la nailoni nzito au lami ambalo fundi hulitandika juu ya msingi, au ni udongo wa nje uliorundikana kwa miaka hadi ukalifunika. Doa lililo juu, karibu na dari, ni jambo jingine kabisa: hapo tazama bati lililotoboka au mfereji wa paa ulioziba. Ukikuta rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu, uliza kwa nini.

Mahali penye shaka, bandika kipande cha nailoni angavu chenye ukubwa wa karatasi ya daftari, ukizibe pande zote nne kwa utepe wa gundi, kisha ukiache siku mbili. Matone yakijitokeza upande unaogusa ukuta, maji yamo ukutani; yakijitokeza upande wa chumbani, huo ni mvuke wa hewa ya ndani, na pengine matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha yamezibwa.

Unene hupimwa penye mlango au dirisha. Sentimita 25 au zaidi pamoja na lipu ni dalili ya ukuta wa matofali mawili, na karibu sentimita 15 ni wa tofali moja. Ili kujua kilichomo, zima umeme kwenye swichi kuu, fungua kifuniko cha soketi na umulike kwa tochi, kwani lipu ya saruji inaweza kuficha udongo mbichi au fito, ikafungia unyevu ndani na kuachana na ukuta. Ukigonga kwa sarafu, sehemu iliyoachana hutoa mlio wa kitu kitupu.

Kwa joto, rudi saa moja jioni na uweke kiganja kwenye ukuta wa ndani unaoelekea magharibi, kwa kuwa hapa ikweta ukuta huo hupigwa na jua la alasiri mwaka mzima. Kabla ya kuulaumu, hata hivyo, kagua dari, maana joto jingi hushuka kutoka kwenye mabati. Kabale, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hoja ni baridi ya usiku, kwa hiyo huko chunguza zaidi nyufa za fremu. Fort Portal, iliyopata matetemeko mwaka 1966 na 1994, nyufa zinazoshuka kwa ngazi kufuata matofali zitazamwe na mhandisi.

Dari au paa la vigae vya kijivu vya saruji huenda lina asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Usilitoboe wala kulikwangua. Gharama za matengenezo ziandikwe na fundi kabla hamjaketi na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, kutia saini mkataba, ili bei ijadiliwe nazo zikiwa mezani.