Kona Iliyofifia: Kusawazisha Mwanga wa Paneli ya LED Kuanzia Kwenye Njia za Umeme

Paneli yangu kubwa ya kwanza ilikuwa na pikseli 512, safu 16 zenye pikseli 32 kila moja. Nilipoiwasha nyeupe tupu, upande ulioingizia umeme uling'aa vizuri. Kadiri macho yalivyosogea kulia, weupe uligeuka manjano, na kona ya chini kabisa ikawa na rangi ya kutu. Nikaamini nimepata pikseli mbovu. Nikabandua kumi na mbili, nikasolda mpya, nikawasha: kutu ileile, mahali palepale. Siku mbili za kazi zilipotea hivyo.

Ukikutana na kona ya namna hiyo, acha solda kwanza. Zima paneli nzima, kisha washa pikseli za konani peke yake, nyeupe kamili. Zikitoa weupe safi, hazina kosa. Zinanyimwa umeme na njia unayopitia. Rangi nayo ni shahidi. Kila pikseli ina LED tatu ndani yake: nyekundu inatosheka na takriban volti 2, lakini ya kijani na ya bluu zinataka karibu 3 au zaidi kidogo. Volti ikipungua njiani, hizo mbili hulegea mapema na nyekundu hubaki imesimama, ndiyo maana weupe huelekea wekundu. Kona iliyo hafifu lakini bado nyeupe kweli ina sababu nyingine, labda kioo cha mbele au pikseli za matoleo tofauti.

Sasa pima, na upime paneli yote ikiwa nyeupe kamili. Paneli isiyo na mzigo itakuonyesha volti nzuri kila mahali, nawe utaondoka umedanganyika. Mimi nilipata volti 4.96 mlangoni, yaani umeme unapoingilia paneli, na 3.70 konani. Wengi huishia hapo, lakini naomba uende hatua moja mbele: weka ncha moja ya multimeta kwenye chanya cha mlangoni na nyingine kwenye chanya cha konani, usome. Rudia kwa upande wa hasi. Kwangu chanya kilikula volti 0.60 na hasi ikala 0.66. Zaidi ya nusu ya upungufu ilikuwa kwenye waya ambao sikuwahi kuufikiria, kwa sababu nilizoea kuona hasi ni hasi tu, popote ilipo. Hasi ikipanda volti, hata data, yaani ishara inayoziambia pikseli rangi ya kuonyesha, huyumba, na pikseli za mbali huanza kupepesa ovyo.

Baada ya vipimo, hesabu. Pikseli ya WS2812B, aina yenye chipu ya kuiongoza ndani yake, ikiwa nyeupe kamili huhesabiwa miliampea 60, hivyo 512 zinataka karibu ampea 31. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.5 una ukinzani wa karibu miliomu 34 kwa mita. Wa milimita mraba 2.5 una kama 7. Chukua tawi, yaani jozi ya nyaya zinazolisha sehemu ya paneli, la ampea 10 lenye kufika mita 2 kutoka kwenye pawa saplai. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 4. Waya mwembamba utameza volti 1.4, zaidi ya robo ya volti 5 ulizonazo. Ule mnene hautafika 0.3.

Hata hivyo, waya mnene haubadilishi shaba nyembamba iliyo ndani ya bodi. Dawa yake ni kulisha kutoka sehemu nyingi. Mstari wenye mzigo uliosambaa sawa ukilishwa ncha zote mbili, sehemu dhaifu huhamia katikati, na upungufu wake ni robo tu ya ule wa kulisha ncha moja: mkondo umegawanyika nusu, na safari nayo imekuwa nusu.

Mimi hupitisha nyaya mbili nene nyuma ya paneli kama uti wa mgongo, na pawa saplai huingia katikati ya uti huo. Kutoka hapo natoa matawi manane, mawili kwa kila kundi la safu nne, moja kila upande. Kila tawi hubeba karibu ampea 4, na mwanzoni pake pana fyuzi ya ampea 5. Matawi yote nayakata urefu mmoja, hata yale ambayo yangeweza kuwa mafupi. Sitafuti kutopoteza volti hata kidogo. Nataka kila pikseli ipoteze kiasi kilekile, maana jicho hukamata tofauti.

Kila tawi linapoingia kwenye bodi weka kapasita ya maikrofaradi 1000. LED huwaka na kuzima haraka mno, na multimeta hukuonyesha wastani tu. Mishtuko ya volti iliyo katikati, ambayo kapasita huituliza, huioni.

Ukitumia pawa saplai mbili, tenganisha chanya zake na uunganishe hasi zote. Na usiponye kona kwa kupandisha volti kwenye skrubu ya pawa saplai: pikseli za karibu ndizo zitakazobeba ziada na joto lake.

Nilipomaliza kubadilisha, mlangoni palisoma 4.98 na mahali dhaifu kabisa 4.81. Nikaiacha nyeupe kamili kwa nusu saa, nikagusa kila kiungo kwa mgongo wa kidole. Kimoja, tawi la tatu kushoto, kilikuwa cha moto kuliko wenzake. Nikazima, nikakikagua: skrubu yake ilikuwa haijakaza. Nilipoikaza na kupima tena, 4.81 ikawa 4.88.