Kipima Mwanga na Flashi za Studio: Namna ya Kutafuta Kosa Namba Zisipolingana na Picha

Kipima mwanga cha mkononi, yaani chombo kinachokuambia ufungue tundu la lenzi kiasi gani, kinapotoa namba isiyolingana na picha, jambo la kwanza ni kujua kama kinayumba au kama kinakosea kwa kiasi kilekile kila mara, kwa kuwa hayo ni maradhi mawili na dawa zake hazifanani. Kinachoyumba kwa kawaida hakina kosa lolote: flashi ndiyo inayotoa mwanga usio sawa, nacho kinasema kweli. Kinachokosea kwa kiasi kilekile huwa kimepangwa vibaya, kimeelekezwa vibaya, au kimesomwa vibaya.

Ili kutofautisha, kiweke juu ya stendi au kifunge kwa utepe kwenye mgongo wa kiti, mita moja na nusu mbele ya flashi moja tu, zima nyingine zote, piga mara kumi ukisubiri sekunde kumi baina ya mpigo mmoja na mwingine, na uandike kila namba. Usikishike mkononi katika jaribio hili. Kwenye umbali wa mita 1, kukisogeza sentimita 10 tu karibu na taa ndogo hubadilisha kipimo kwa takriban sehemu 3 za kumi za stopu (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu), na ukirudi nyuma hadi mita 1.4 umepoteza stopu nzima. Softiboksi, yaani boksi la kitambaa linalolainisha mwanga, ikiwa kubwa na karibu hupunguza mwanga polepole kuliko hapo, lakini si kwa kiasi cha kukusamehe mkono unaocheza. Flashi nzima itakupa namba kumi zinazotofautiana kwa sehemu 1 au 2 za kumi hivi. Zikiachana zaidi ya hapo, kiache kipima mwanga na uichunguze flashi.

Chunguza kwanza muda wa kuchaji. Flashi nyingi za bei nafuu hukubali kupiga kabla kapasita hazijajaa, na mpigo huo huwa dhaifu, kwa hiyo usubiri mlio au taa ya kuashiria kwamba iko tayari, kisha uongeze sekunde moja au mbili. Upande wa pili, ukipunguza nguvu kutoka kiwango cha juu, baadhi ya flashi hubaki na chaji ya zamani mpaka zipigwe mara moja, hivyo mpigo wa kwanza baada ya kupunguza hautakiwi kupimwa. Kisha angalia stima. Studio yangu ya kwanza mjini Kisumu ilikuwa karibu na Soko la Kibuye, ukuta mmoja na fundi wa kuchomelea milango ya chuma, na nililalamikia kipima mwanga mchana kutwa kabla sijang'amua kwamba namba zilishuka kila aliposhika kazi na kupanda kila aliponyanyuka kunywa chai. Mashine yake ilikuwa ikivuta volteji ya mtaa mzima chini. Stebilaiza inayotosha nguvu za flashi zako hutibu jambo hilo, ingawa jirani aendaye chai mara kwa mara ni nafuu zaidi.

Namba zikiwa thabiti lakini picha ikatoka nyeusi au imeungua kwa mwanga kuzidi, kosa liko katika mpangilio. Hakikisha kwamba umechagua modi ya flashi na si ya mwanga wa kawaida, kwamba ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) ni ileile iliyo kwenye kamera, na kwamba kasi ya shata, yaani muda ambao pazia la kamera hukaa wazi, ni ileile pia. Kwa studio, 1/125 ni kasi salama. Kipima mwanga hakina pazia la shata, hivyo hakitakuonya kwamba kamera yako haiwezi kupita 1/200 au 1/250 pamoja na flashi. Kitakupa namba safi huku picha ikiwa na mkanda mweusi upande mmoja. Katika modi isiyo na waya, ambamo chombo hukaa kusubiri mwanga wa ghafla, taa za tyubu huweza kukidanganya kikapima kabla flashi haijapiga, na dawa ni kuzizima au kutumia waya.

Watumiaji wa flashi ndogo za juu ya kamera, ambazo wapiga picha wengi wa harusi wa Kisumu na Nakuru huzipachika ndani ya mwavuli, wana mtego wao. Flashi ikiwa katika modi ya TTL, ambamo kamera hujipangia nguvu ya flashi kwa kupima mwanga kupitia lenzi, kamera huamrisha mpigo mdogo wa majaribio kabla ya ule mkuu, na kipima mwanga hukamata ule mdogo. Kitasema f/2.8 mahali panapostahili f/8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa), nawe utafungua lenzi na kuichoma sura ya bibi harusi. Dalili ni kwamba ukipiga kwa kitufe cha flashi yenyewe namba inapanda, na ukipiga kwa kamera inashuka. Weka flashi kwenye modi ya mkono, ambamo unapanga nguvu mwenyewe.

Kosa ninaloliona kuliko yote kwa vijana wanaojifunza ni la kusoma. Vipima mwanga vingi huonyesha tundu la lenzi, ambalo sisi huliita apacha, kwa namba kubwa, na pembeni yake tarakimu ndogo inayohesabu sehemu za kumi za stopu. Ukiona 8 na 7 ndogo, hiyo si f/8.7. Ni f/8 ukiongeza sehemu 7 za kumi za stopu, yaani f/10 kwenye kamera inayohesabu kwa theluthi za stopu. 8 na 3 ndogo ni f/9. Anayeweka f/9 badala ya f/10 hupata picha iliyozidi kwa theluthi ya stopu kila siku, na hatimaye huamini kwamba chombo chake kimeharibika.

Baada ya hapo angalia kuba nyeupe inayopokea mwanga kwenye kipima mwanga. Katika baadhi ya vipima mwanga kuba husogezwa pembeni, na ikisogezwa, chombo huacha kupima mwanga unaomwangukia mtu na kuanza kupima ule unaorudishwa naye. Hapo rangi ya ngozi na ya nguo huingia katika hesabu, nayo hesabu hiyo hutaka kila kitu kiwe kijivu. Mhitimu wa Chuo Kikuu cha Maseno aliyevaa joho jeusi atapimwa kana kwamba anahitaji mwanga wa ziada, pengine stopu 2, na uso wake utapauka kwa mwanga kuzidi; bibi harusi mwenye gauni jeupe atageuka kijivu. Kuba ikiwa mahali pake, ngozi nyeusi na nyeupe hupata namba moja, kwa sababu kinachopimwa ni taa. Ishike chini ya kidevu ikielekea kamera, bila mkono wala bega lako kuikinga. Kuielekeza kwenye taa kunafaa pale tu unapolinganisha nguvu ya taa moja na nyingine.

Mwanga wa dirishani nao usipuuzwe. Studio yenye dirisha linaloelekea ziwani hupokea jua kuanzia saa kumi jioni, na kipima mwanga katika modi ya flashi hujumlisha vyote viwili. Zima flashi, pima mwanga wa chumba peke yake kwa ISO na kasi ileile. Ukipata f/2 wakati flashi ni f/8, tofauti ni stopu 4 na chumba kinaongeza chini ya sehemu 1 ya kumi. Ukipata f/4, kinaongeza takriban sehemu 3 za kumi, na wingu likipita kipimo kitabadilika bila wewe kugusa kitu. Funga pazia.

Kurekebisha chombo chenyewe kuje mwisho kabisa. Kwanza hakikisha kwamba hakuna marekebisho ya zamani yaliyosahaulika ndani yake, hasa kama ulikinunua mkononi mwa mtu. Halafu piga picha ya kadi ya kijivu ya asilimia 18 kwa namba iliyopimwa, kisha kwa theluthi moja ya stopu juu na chini yake, uzilinganishe kwenye kompyuta. Kama iliyo sawa si ile ya katikati, usiweke marekebisho bado: rudia na lenzi ya pili bila kichujio chochote mbele yake. Lenzi zote mbili zikikubaliana, ingiza tofauti hiyo. Zikikataa, lenzi ndiyo yenye kosa, na kipima mwanga kibaki kama kilivyo.