Picha za bibi harusi majini

Mkitaka picha za bibi harusi akiwa ndani ya maji, zipigeni baada ya harusi, si kabla. Gauni lenye matabaka mengi hunywa maji likawa zito ajabu, na miguu hunaswa humo. Kwa hiyo maji yasipite magoti, na awepo mtu asiyeshika kamera, kazi yake kumwangalia yeye tu. Mkia mrefu wa gauni, kama unatoka, utoeni. Subirini jua likaribie kuzama. La utosini hutia vivuli machoni na kufuta nakshi za kitambaa cheupe. Moshi wa rangi nao unapendeza (mimi siupendi sana), ila huacha madoa: uwasheni upande upepo unakoelekea, mbali na gauni.