Kongosho limeharibika na kazi huiwezi tena: jinsi ya kujitunza na kuomba disabiliti (mafao ya ulemavu) hapa Marekani

Nawaandikia ndugu zangu tuliopo Marekani, hasa wa zile kazi za kusimama kutwa, maghala, viwanda vya nyama, kuhudumia wazee majumbani, ambao wameambiwa na daktari kwamba kongosho limeharibika na halitarudi kama zamani, na sasa kila mwezi kodi ya nyumba inafika na mtu hana nguvu hata ya kumaliza nusu shifti. Nitachanganya matibabu na mafao humu humu kwa sababu ndo yanavyokwenda, huwezi kuyatenganisha.

Kitu cha kushika kabla ya vyote: Social Security, yaani shirika la serikali linalotoa mafao hayo, hawalipi jina la ugonjwa. Unaweza kuwa na karatasi imeandikwa ugonjwa sugu wa kongosho na bado wakakukatalia. Wanachotaka kujua ni huwezi kufanya nini, kwa muda gani, na je daktari ameandika hivyo au umesema wewe tu. Lazima iwe hali inayokuzuia kufanya kazi na imedumu au inategemewa kudumu angalau miezi 12. Kwa hiyo kesi yako inaanza kliniki, siku unayomwambia daktari unavyojisikia, siyo siku unayojaza fomu.

Na hapo ndo sisi tunaumia sana. Daktari anaingia, anauliza habari, sisi tumelelewa kujibu nzuri, namshukuru Mungu. Mtu usiku kucha maumivu yamemkata kuanzia chembe cha moyo mpaka mgongoni, kakaa ameinama amekumbatia mto kwa sababu akilala chali ndo yanazidi, asubuhi anamwambia daktari naendelea vizuri. Daktari anaandika mgonjwa anaendelea vizuri. Miezi kadhaa baadaye mtu wa Social Security ambaye hajawahi kukuona anasoma hayo maneno na anakukatalia, na kwa alichosoma huwezi kumlaumu. Jamani, salamu ni salamu, mshukuru Mungu, halafu endelea kusema: lakini wiki hii nimetapika mara ngapi, nimekosa kazi siku ngapi, nimelala saa ngapi. Adabu zetu haziharibiki kwa kusema ukweli kwa daktari.

Nunua daftari. La kawaida tu, la dola moja. Andika kila siku hata mistari miwili, kwa Kiswahili ukitaka, mfano hivi: "Jumanne. Nimeamka saa tisa usiku, maumivu 8 kwa 10, yanakwenda mgongoni. Uji nusu kikombe, nimetapika. Chooni mara tano, choo cha mafuta kinaelea. Nimempigia supavaiza kwamba siwezi kuja. Mchana nimelala, mtoto ndo kapika." Hiyo ndo picha ya maisha yako, na ukienda kliniki mwambie daktari au mkalimani asome, iingie kwenye faili. Mkalimani ni haki yako na hulipii, usimtumie mtoto wako wa miaka kumi kutafsiri mambo ya choo na maumivu, atafupisha na wewe utaona aibu kusema yote.

Sasa kujitunza. Kongosho linatengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula na pia insulini, likikakamaa na kujaa makovu chakula kinapita bila kusagwa, hasa mafuta, ndo maana choo kinakuwa cha mafuta, kinanuka sana, kinang'ang'ania kwenye sinki la choo, na wewe unakonda hata kama unakula. Kama hayo unayo muulize daktari kuhusu kipimo cha choo kinachoitwa elastase, chini ya 200 ni dalili kwamba vimeng'enya havitoshi, chini ya 100 ni hali mbaya zaidi. Kipimo hicho ni cha muhimu pia kwenye kesi, sababu watu wengi wenye ugonjwa huu wa muda mrefu vipimo vya damu vya lipase na amylase vinarudi vya kawaida kabisa, halafu mtu emajensi anaambiwa mbona uko sawa. Lipase ya kawaida haimaanishi huna maumivu. Picha za CT, MRI ya mirija ya kongosho na ile ya kuingiza kamera yenye ultrasaundi ndo zinaonyesha makovu, vijiwe na mirija iliyotanuka. Omba nakala zake zote uzihifadhi.

Dawa za vimeng'enya, kina Creon na Zenpep, wengi wetu tunazimeza vibaya. Zinamezwa na tonge la kwanza, na kama mlo ni mrefu nyingine katikati, siyo kabla ya kula saa nzima na siyo baada ya kumaliza. Meza na maji baridi au ya kawaida, siyo na chai ya moto, moto unaviua vile vimeng'enya. Usizitafune. Usiziache ndani ya gari wakati wa joto. Na mlo mdogo wa katikati, hata kikombe cha maziwa na andazi, nao unahitaji dawa yake, kwa kawaida nusu ya ile ya mlo mkubwa. Kwa ndugu zetu Waislamu kuna jambo hili lazima lisemwe wazi: dawa hizi zinatengenezwa kutokana na kongosho la nguruwe, na hapa Marekani zote za kuandikiwa na daktari ziko hivyo. Najua watu walioacha kimya kimya baada ya kugundua, wakakonda mpaka kutisha. Usiache kimya kimya. Ongea na sheikh wako, mweleze kwamba hakuna mbadala wa aina yake, wanazuoni wengi wanaruhusu dawa kwa dharura ya aina hii, na mwambie na daktari. Na Ramadhani ikifika usiamue peke yako kufunga, hasa kama umeshapata kisukari.

Maana kisukari kinakuja kwa wengi, na hiki cha kongosho kina hatari yake, sukari inashuka ghafla kuliko kisukari cha kawaida kwa sababu ile homoni ya kuinua sukari nayo imepungua. Tembea na kitu kitamu mfukoni. Pombe acha kabisa, bia, waini, gongo, zote, na sigara pia, watu wanadharau sigara lakini inaliharibu kongosho yenyewe kama yenyewe. Chakula kula kidogo kidogo mara nyingi, usijinyime mafuta yote ukabaki na ugali mkavu na mchicha wa kuchemsha, utakonda zaidi, bora mafuta ya kiasi pamoja na dawa. Waombe wapime vitamini A, D, E na K na mifupa. Ukiona macho yamekuwa ya manjano, homa na maumivu, au unatapika hata maji hayakai, hiyo ni emajensi, usingoje asubuhi.

Kuhusu pombe na kesi, hapa wengi wanaficha. Kuna watu kongosho limeharibika kwa pombe, na kuna ambao hawajawahi kuonja hata tone, ni urithi wa ukoo au mafuta mengi kwenye damu au chanzo hakijulikani, na wote wanaitwa walevi na majirani. Sheria ya Social Security inauliza swali moja: ukiacha pombe, bado utakuwa huwezi kufanya kazi? Kama jibu ni ndiyo, pombe ya zamani haikunyimi mafao. Makovu ya kongosho hayaondoki kwa kuacha pombe, kwa hiyo kama umeacha sema umeacha lini na hakikisha daktari ameandika kwamba umeacha na maumivu bado yapo. Ukidanganya na faili la hospitali linasema vingine, jaji wa rufaa hataamini na mengine yote uliyosema.

Kama bado uko kazini, usiondoke kwa hasira. Sheria ya FMLA, ya likizo ya ugonjwa na familia, inakupa mpaka wiki 12 kwa mwaka bila kulipwa lakini kazi inalindwa na bima ya afya inaendelea, ilimradi kampuni ina wafanyakazi 50 au zaidi, umefanya kazi hapo miezi 12 na masaa 1,250. Unaweza kuzichukua kwa vipande, siku ukishikwa na maumivu. Uliza pia HR (ofisi ya wafanyakazi) kama una bima ya disabiliti ya muda mfupi, wengi wanakatwa hela yake kwenye cheki na hawajui.

Mafao yako ya aina mbili. SSDI ni ya mtu aliyechangia kwa kodi ya mshahara, kwa kawaida uwe umefanya kazi kama miaka 5 ndani ya 10 ya mwisho, vijana wanahitaji miaka pungufu ya hapo. Kazi za kulipwa mkononi bila kodi hazihesabiwi. SSI ni ya mwenye kipato kidogo, na mali yako isizidi dola 2,000, au 3,000 kwa mke na mume, nyumba unayoishi na gari moja hazihesabiwi. Kiwango cha juu cha SSI kutoka serikali kuu mwaka 2025 kilikuwa dola 967 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Kwa wakimbizi ambao hawajawa raia SSI kwa kawaida ni miaka 7 tu, kwa hiyo maombi ya uraia msiyaahirishe. Na kama unapata kazini zaidi ya kiwango chao cha mwezi (mwaka 2025 kilikuwa dola 1,620, kwa kawaida kinapanda kila mwaka) watakukatalia bila hata kuangalia ugonjwa.

Kuomba ni kwenye ssa.gov, au piga 1-800-772-1213 uombe mkalimani wa Kiswahili, bure. Piga mapema hata kama karatasi hazijakamilika, maana SSI inahesabiwa kuanzia baada ya mwezi ulioomba, hairudi nyuma. SSDI inaweza kurudi nyuma mpaka miezi 12 lakini ina miezi 5 ya mwanzo ambayo hailipwi. Watakutumia fomu ya kueleza maisha yako ya kila siku, na hii ndo ya kukaa nayo na daftari lako mezani. Wakiuliza unapika? usiishie kujibu ndiyo tu. Jibu: napika uji, nikikaa kwenye kiti, siku mbaya sipiki kabisa, na siku mbaya ni nyingi kuliko nzuri. Kazi zako za miaka 5 iliyopita zieleze kwa uzito wa maboksi na masaa ya kusimama. Wakikupangia daktari wao, nenda, usipokwenda wanafunga.

Ugonjwa huu sugu wa kongosho hauna ukurasa wake maalum kwenye orodha yao ya magonjwa. Kuna kipengele cha kukonda kwa ugonjwa wa tumbo, BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) chini ya 17.50 mara mbili, vipimo vikiwa vimepishana angalau siku 60 ndani ya miezi 12, kwa hiyo kila ukienda kliniki panda kwenye mzani. Kama hujafika huko, na wengi hawafiki, unashinda kwa kuonyesha kwamba hakuna mwajiri atakayevumilia utoro wako. Mpelekee daktari wako swali lililo wazi aandike: mgonjwa huyu atakosa siku ngapi kwa mwezi, atahitaji choo mara ngapi, dawa za maumivu zinamfanya asinzie? Barua ya kusema tu hawezi kazi haina uzito. Ya kusema atakosa siku nne kwa mwezi kwa sababu hii na hii, hiyo jaji anaisoma. Na tangu 2020 kutojua Kiingereza hakuhesabiwi tena kama sababu, kwa hiyo usiitegemee hiyo.

Wengi wanakataliwa mara ya kwanza. Una siku 60 tangu upate barua kukata rufaa, kata rufaa, usianze ombi jipya maana unapoteza tarehe yako ya zamani. Rufaa ya kwanza ni kupitiwa upya, ya pili ni mbele ya jaji, na hapo tafuta wakili. Hulipi mkononi, anachukua asilimia 25 ya malimbikizo ya mafao yako na kwa mikataba ya kawaida isizidi kikomo cha serikali (mwaka 2025 kilikuwa dola 9,200), usiposhinda hapati ada. Mtu akikutaka hela ya kuanzia ili akujazie fomu, kimbia. Mbele ya jaji kutakuwa na mtaalamu wa kazi, na jaji atamuuliza kama kuna kazi kwa mtu anayekosa siku kadhaa kila mwezi, ndo maana nimesisitiza siku kuliko kitu kingine chochote. Usijikaze mbele ya jaji. Ukihitaji kusimama au kwenda chooni, sema, uende.

Ukipewa SSDI, Medicare (bima ya afya ya serikali kuu) inaanza baada ya miezi 24 ya mafao, kwa hiyo huo mwanya katikati uliza Medicaid (bima ya wenye kipato kidogo) ya jimbo lako mapema kabla dawa hazijaisha. Endelea kwenda kliniki, maana faili lako watalipitia tena baada ya miaka michache, na ukijaribu kazi hata ya masaa machache wajulishe mwezi huo huo, wasije wakakudai warudishiwe.