Kutembea Idjwi peke yako, na mipango ikiharibika

Mi nilitoka Bukavu na boti, nikapanga siku tatu za kutembea Idjwi, kile kisiwa cha Kongo ndani ya ziwa Kivu, kusini mpaka kaskazini, siku ya pili mvula ikanipiga tangu saa sita, kiatu kikafunguka chini, basi mipango yote ikakufa.

Mvula ikianza usishuke mbio, ule udongo unateleza kama sabuni. Shika fimbo, tafuta nyumba ya karibu, piga hodi, sema "mama, naomba nijifiche mvula kidogo", hawakufukuzi (mi nilipewa na bugali). Jua linazama kama saa kumi na mbili, kwa hiyo saa kumi uwe umeshauliza pa kulala, ujionyeshe kwa shefu wa kijiji na karte yako (kitambulisho), juu mgeni peke yake kule mlimani batu banajiuliza.

Telefone inaweza kamata rezo (mtandao) ya Rwanda ikakula uniti, zima roming. Nguo moja kavu ifunge ndani ya sashe (mfuko wa plastiki), usiiguse mpaka usiku, kule juu kuna baridi sana!

Ukipotea, fuata njia yenye kushuka mpaka uone ziwa, si porini hapana, kando ya maji ndiyo kuko batu na pirogi (mitumbwi). Mi nililipa moja, nikarudi nachechemea.